Rejesta ya magari ya kijeshi: shajara ya kazi

2 Februari

Nimeanza leo. Nimefungua kaunta buku jipya la kurasa mia mbili, na mpwa wangu amenitengenezea lahajedwali tupu kwenye kompyuta yake. Ninachotaka ni rejesta ya Kiswahili ya magari ya kijeshi ya nchi kavu: vifaru, magari ya deraya, malori, matrela, mpaka pikipiki. Kila gari liwe na majina yake yote mahali pamoja, ili mtu akikutana na jina lolote kati ya hayo, kwenye kibati cha chuma, chini ya picha au kwenye taarifa ya habari, aweze kulifikia gari lenyewe.

Miaka kumi na tisa nilikaa stoo ya vipuri vya malori. Nimeona injini nzima ikifa kwa sababu ya beringi iliyotolewa kwa namba iliyokaribiana tu na ile ya kwenye oda. Ndiyo maana naumia nikiona vijana wanaopenda mambo haya wakibishana usiku kucha juu ya gari, kumbe kila mmoja anataja gari lake, na jina ni hilohilo moja.

Safu za kuanzia ni tano: jina, nchi, mwaka, aina, picha.

5 Februari

Kabla gari la kwanza halijaingia, maneno ya aina yakae sawa. Katika habari zetu kila chenye chuma kinene na bunduki juu huitwa kifaru. Neno lenyewe nalipenda. Aliyelitoa kwa mnyama akaipa mashine alikuwa na jicho. Lakini Saladin ya Waingereza ina magurudumu sita: ni gari la deraya. M7 ya Wamarekani ina cheni kama kifaru, ila juu iko wazi na kazi yake ni kubeba mzinga wa milimita 105 na kupiga kwa mbali: ni mzinga unaojiendesha.

Neno cheni si langu. Jioni nilikwenda kwa Mzee, jirani yetu, aliyekuwa dereva na fundi jeshini mpaka alipostaafu. Nilimsomea orodha yangu. Nilipofika kwenye "minyororo" akanisimamisha. "Mwanangu, mnyororo ni wa kufungia mbwa. Buldoza na kifaru vinatembea kwa cheni." Nimefuta minyororo kote. Gari lenye magurudumu mbele na cheni nyuma, ambalo nilikuwa nalieleza kwa mstari mzima, tumekubaliana liitwe nusu cheni.

9 Februari

Nimepoteza kazi ya siku mbili. Mpwa wangu aliweka amri ya kufuta mistari yenye jina linalojirudia, akidhani ananipunguzia kazi. Nilikuwa nimeingiza M3 mara nne. Imebaki moja.

Zote nne zilikuwa sahihi. M3 ni kifaru cha wastani cha Marekani cha mwaka 1941, kinachojulikana kwa majina ya Lee na Grant. M3 ni kifaru chepesi, Stuart. M3 ni nusu cheni ya kubeba askari. M3 ni gari la upelelezi la magurudumu manne, lililotengenezwa na kampuni ya White. Miaka arobaini baadaye ikaja M3 nyingine, Bradley ya upelelezi. Na iko bunduki M3, ambayo naiacha kwa kuwa silaha za mkononi hazimo katika rejesta hii.

Chanzo chake ni cha kiofisi kabisa. Zamani idara ya zana ya jeshi la Marekani ilikitaja kitu kwa mwaka wake: kifaru chepesi M1917 ni nakala ya Renault FT ya Ufaransa, na hiyo 1917 ni mwaka. Katika miaka ya 1920 wakaachana na mwaka, wakahesabu moja, mbili, tatu, na kila aina ya kitu ikahesabiwa peke yake. Vifaru vya wastani vikafikia M3 yao, nusu cheni zikafikia M3 yao. Mtunza bohari wa wakati ule hakuchanganyikiwa, maana jina kamili lilikuwa na maneno ya aina pamoja na namba. Sisi tuliokuja nyuma tumeyaangusha maneno, tukabaki na namba peke yake.

Herufi nyingine za mfumo huo nimeziandika ukurasa wa mwisho wa daftari. T ni gari la majaribio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja XM mahali pake. E ni badiliko linalojaribiwa juu ya gari lililokwisha kupitishwa. A ni badiliko lililopitishwa.

14 Februari

Siku tano nzima juu ya kifaru kimoja, wala sijutii hata moja.

M4, Sherman. Vilitengenezwa zaidi ya 49,000. Nilikuwa nimepanga M4, M4A1, M4A2, M4A3, M4A4 na M4A6 kama ngazi, nikiamini kila kinachofuata ni bora kuliko kilichotangulia, jinsi tulivyozoea kwa simu. Kumbe M4A1 ilitoka kiwandani Februari 1942, na M4 isiyo na A yoyote ikafuata Julai. Tofauti ya hizo mbili ni bodi. Ya M4A1 ilimiminwa nzima kama sufuria, ndiyo maana kona zake ni za mviringo. Ya M4 ni mabamba yaliyochomelewa. Injini ni moja, ya asili ya ndege, silinda tisa zimepangwa kwa duara kama miale ya jua. M4A2 ina injini mbili za dizeli za General Motors zilizounganishwa. M4A3 ina Ford ya V8, ya petroli. M4A4 ina kitu ambacho fundi yeyote angesafiri kwenda kukiona: injini tano za gari dogo za Chrysler, silinda sita kila moja, zimefungwa pamoja zikazungusha shafti moja. Silinda 30. Bodi ikabidi irefushwe ili zienee.

Injini za ndege zilikuwa zikihitajika na ndege, na kila kiwanda kilitoa ilichoweza kutoa. Ukishalijua hilo, ile tarakimu baada ya A inasomeka vizuri: inakwambia bodi gani na injini gani. Vifaru hivi vilijengwa kwa wakati mmoja, vikiwa ndugu wa rika moja.

Nilitafuta M4A5 kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri nikidhani nimeruka mstari. Namba hiyo Wamarekani waliitenga kwa ajili ya kifaru cha Kanada, Ram, kilichojengwa juu ya M3. M4A6 ipo, lakini ni 75 tu.

Halafu Waingereza. Walipopokea vifaru hivyohivyo waliiacha M pembeni. M4 ikawa Sherman I, M4A1 ikawa Sherman II, hivyohivyo mpaka M4A4 ikawa Sherman V. Baada ya namba ya Kirumi wakaongeza herufi ya silaha: A kwa mzinga wa milimita 76, B kwa mzinga mfupi wa 105, C kwa mzinga wao wenyewe wa ratili 17, unaoitwa kwa uzito wa risasi yake. Sherman VC, kwa hiyo, ni M4A4 yenye mzinga wa ratili 17. Angalia hapo: A ya Mmarekani ni badiliko la gari, A ya Mwingereza ni mzinga. Mtu anayesoma vitabu viwili kwa wakati mmoja atapotea bila kujua amepotelea wapi.

16 Februari

Jeep leo, kazi ya saa mbili. Kampuni ya Willys iliita yake MB, Ford iliita yake GPW: G ni kazi ya serikali, P ni urefu wa inchi 80 kati ya ekseli, W ni injini ya muundo wa Willys. Katalogi ya vipuri ya jeshi inaziweka zote mbili chini ya G-503, na hapo nilitabasamu peke yangu, kwa sababu ndivyo stoo inavyofikiri: kama vipuri vinaingiliana, kadi ni moja. Lori la GMC la tani mbili na nusu, CCKW, ni G-508. Sherman ni G-104.

Namba iliyopakwa rangi kwenye boneti ni jambo jingine. Hiyo ni ya gari moja tu duniani, kama namba ya usajili. Zile za Jeep zinaanza na 20, za vifaru zinaanza na 30. Haiingii kwenye rejesta, ila ukiiona kwenye picha inakusaidia kujua unatazama nini.

20 Februari

Wajerumani wa wakati wa vita walilipa gari moja majina kadhaa, na yote yakaishi pamoja. Chukua Panther. Kuna Panzerkampfwagen V, jina la mfululizo wa vifaru. Kuna Sd.Kfz. 171, namba yake katika orodha ya magari maalumu. Kuna jina la mnyama. Kuna herufi ya toleo. Tarehe 27 Februari 1944 Hitler akaagiza ile V ifutwe, kibaki Panther tu; kwa hiyo karatasi ya 1943 na ya 1945 zinakitaja tofauti ilhali kifaru ni kilekile.

Orodha ya Sd.Kfz. imepangwa kwa mafungu. Namba ndogo ni magari ya kuvuta mizinga, nusu cheni zisizo na deraya. Mia moja na kitu ni vifaru: 101 ni Panzer I, 121 ni Panzer II, 141 ni Panzer III, 161 ni Panzer IV, 171 ni Panther, 181 ni Tiger. Mia mbili na kitu ni magari ya deraya, ya magurudumu na ya nusu cheni. Kinachofuata mkwaju ni matumizi. Sd.Kfz. 251/1 inabeba askari, 251/8 ni ambulensi, 251/9 ina mzinga mfupi wa sentimita 7.5. Aliyeipanga orodha hii aliacha nafasi kati ya namba na namba kwa ajili ya vitakavyokuja, na mimi niliyewahi kuishiwa namba katikati ya rafu namheshimu kwa hilo.

Herufi za toleo hazifuati utaratibu huo. Panther ya kwanza ni D, ya pili ni A, ya mwisho ni G. Lahajedwali iliponipangia kwa alfabeti, A ikakaa mbele, na historia ya kifaru ikageuka. Nimeongeza safu ya mfuatano, tunaijaza kwa mkono: 1, 2, 3.

Kazi iliyonichukua usiku ni ya magari yaliyotekwa. Kila gari la adui lilipewa namba na herufi ya nchi kwenye mabano: f ya Ufaransa, e ya Uingereza, r ya Urusi, a ya Marekani, t ya Ucheki. T-34 iliyotekwa ni 747(r). M3 ya Marekani, ile ya wastani, ni 747(a). Namba moja, vifaru viwili vya mabara mawili, na kinachovitenganisha ni herufi iliyofungiwa kwenye mabano. Programu ya mpwa wangu ilikuwa inafuta mabano ili "kusafisha" majina. Nimempigia simu saa nne usiku. "Shangazi, kesho basi." Nimemwambia hapana, leo.

23 Februari

Tumevunja lahajedwali yote, tukajenga upya. Sasa yako majedwali mawili.

La kwanza ni la magari. Kila gari lina namba yetu sisi, tarakimu nne zisizo na maana yoyote ndani yake. Nimekataa kuzipa maana, kwa sababu kila mfumo niliouona mpaka leo uliopachika maana kwenye namba umefikia siku ambapo maana ilipasuka na namba ikabaki.

La pili ni la majina. Kila jina lina mstari wake, na mstari una mambo manne: jina lenyewe, nani alilitoa, kuanzia lini, na linataja nini hasa: gari zima, chesisi, silaha iliyo juu yake, au mfumo mzima pamoja na risasi na magari ya kuhudumia. M3 sasa inaweza kuingia mara tano bila kugombana.

Tumeandika pia kanuni moja kwenye jalada la daftari, kwa wino mwekundu. Gari likinunuliwa au kutekwa, ni gari lilelile lenye jina jipya. Likinakiliwa kwenye kiwanda cha nchi nyingine, ni gari jingine. Renault FT iliyotekwa na Wajerumani na kuitwa 730(f) inabaki kwenye mstari wa Renault FT. M1917 ya Marekani ina mstari wake.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini nisiweke tu "haijulikani" kwenye seli zilizo tupu. Nilimwonyesha leja yangu ya zamani. Sifuri maana yake nimekwenda kwenye rafu nikahesabu, hakuna kitu. Mahali patupu maana yake sijahesabu bado. Valentine, kifaru cha Waingereza, haina namba ya A, ile ya vifaru vilivyoagizwa na jeshi lao, kama Matilda iliyo A12 na Churchill iliyo A22, kwa kuwa kampuni ya Vickers iliibuni yenyewe bila kuagizwa na jeshi. Hapo jibu ni "hakuna", na ni jibu kamili. Vickers ndio waliobuni pia Mk 3 ya kuuza nje, iliyonunuliwa na Kenya na Nigeria.

1 Machi

Msiba kwenye ukoo. Hakuna kazi wiki hii.

8 Machi

Nimerudi na Wajapani. Kifaru Aina ya 97, Chi-Ha, lahajedwali ilikiweka mwaka 1997. Kumbe 97 ni mwisho wa 2597, mwaka wa kifalme wa Japani, unaohesabiwa tangu mfalme wao wa kwanza wa simulizi. Kwa kalenda ya kawaida ni 1937. Aina ya 95 ni 1935. Mwaka 2600 ukawa Aina ya 100, kisha 2601 wakaanza upya na Aina ya 1, yaani 1941. Baada ya vita wakahamia kalenda ya kawaida: Aina ya 61, ya 74, ya 90, na ya 10, ambayo ni ya mwaka 2010.

Msomaji wa Kiswahili simwonei shaka hapa. Anayejua kwamba saa moja asubuhi ni saa saba kwenye saa ya Mzungu, na anayeufunga Ramadhani kwa kalenda moja na kulipa kodi ya nyumba kwa nyingine, ataelewa kwa sentensi moja kwamba hesabu ina mahali inapoanzia. Nimeiandika hiyo sentensi juu ya fungu la Japani.

Chi ni kifaru cha wastani. Ha ni herufi ya tatu katika mpangilio wao wa kale wa herufi, iroha.

Uchina pia wanataja kwa mwaka, kwa kalenda ya kawaida. Aina ya 59 ni nakala ya T-54A ya Kisovieti, kwa hiyo kwa kanuni ya wino mwekundu ina mstari wake. Mzee alipita nikiwa naingiza, akasimama nyuma yangu. Alizijua za JWTZ. Alitaka kuhakikisha nimeandika kwamba pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mapengo mengine. Ndivyo unavyozitambua kwa mbali. Nimeandika. Ni alama ya T-54 na T-55 pia, nimeweka kote.

12 Machi

Wasovieti. Nilikuwa nawaogopa, kumbe ndio walionifurahisha.

Kiwandani kifaru kilikuwa na namba ya "Obyekt" kabla hakijapata jina la jeshi, na tarakimu ya kwanza inakupeleka kwenye mji. Mia moja na kitu ni Nizhny Tagil: T-54 ni 137, T-55 ni 155, T-62 ni 166, T-72 ni 172M, T-90 ni 188. Mia mbili ni Leningrad: T-80 ni 219. Mia nne ni Kharkiv: T-64 ni 432. Mia sita ni Kurgan, ilikotoka BMP-2, gari la deraya la kubeba askari, namba 675. Mia saba ni Chelyabinsk: IS-3 ni 703, BMP-1 ni 765. T-64, T-72 na T-80 ukizisoma kwa majina ya jeshi zinafanana na ndugu wanaofuatana kwa kuzaliwa. Ukizisoma kwa Obyekt unaona miji mitatu iliyoshindana.

Malori yao pia yalikuwa na mafungu ya viwanda: 1 mpaka 99 ni GAZ, 100 mpaka 199 ni ZIS, baadaye ZIL. Ndiyo maana GAZ-66 na ZIL-131. Mwaka 1966 ukaja utaratibu mwingine wa tarakimu nne: ya kwanza ni kundi la uzito, ya pili ni aina ya bodi. Ural-4320: 4 ni tani 8 mpaka 14 likiwa na mzigo wake, 3 ni lori la bodi wazi, 20 ni modeli. UAZ-469, gari dogo la aina ya Jeep, lilizaliwa chini ya utaratibu wa zamani, likaendelea na jina lake, na mwaka 1985 likabandikwa 3151. Mzee ameligusa hilo gari kwa mikono yake. Nilipomtajia 3151 aliniangalia kama nimemtajia mtu asiyemjua.

Upande wa pili, wachambuzi wa Magharibi hawakujua majina ya ndani. Waliliita gari kwa mwaka walioliona. Mzinga unaojiendesha 2S1 wakauita M1974. 2S3 wakauita M1973. Mwaka huo ni wa macho yao, si wa kiwanda. Na ile M ya mbele inafanana kabisa na M ya Wamarekani. Safu ya "nani alilitoa" imelipa gharama yake leo.

19 Machi

Namba ya bohari ya NATO. Nimeiacha mpaka sasa kama mtoto anavyoacha nyama mwisho wa sahani.

Tarakimu kumi na tatu. Nne za kwanza ni kundi na daraja: 23 ni magari, 2310 magari ya abiria, 2320 malori, 2330 matrela, 2340 pikipiki na baiskeli, 2350 magari ya kivita ya cheni. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoandikisha: 00 na 01 ni Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 99 Uingereza; Afrika Kusini, isiyo mwanachama, inatumia 18. Saba za mwisho hazina maana yoyote, ni za kutofautisha tu. Humvee M998 ni 2320-01-107-7155. Soma mwanzo tu: lori, limeandikishwa Marekani.

Kilichonikalisha mpaka usiku wa manane ni jinsi katalogi hizo zinavyoandika jina. Nomino kwanza, halafu sifa, kuanzia pana kwenda finyu. Kwa Kiingereza hilo linalazimu kuligeuza jina na kulikatakata kwa mikato, hata Mwingereza mwenyewe halisemi hivyo akiwa nyumbani. Kwa Kiswahili ndivyo tunavyosema siku zote. Lori la mizigo la robo tatu tani la kuvuta magurudumu yote. Gari la kubeba askari la nusu cheni M3. Kifaru cha wastani M4. Hakuna cha kugeuza. Nimeipitia mistari 140 iliyokwisha kuingia na kuandika kila jina la aina kwa utaratibu huu, na kwa mara ya kwanza orodha ukiipanga kwa alfabeti inajikusanya yenyewe: malori na malori, mizinga na mizinga.

27 Machi

Meli ya Faina. Nimeiweka kwenye rejesta kama maelezo ya mstari wa T-72, kwa sababu ni kisa cha pwani yetu kinachoonyesha herufi nne zinaweza kubeba nini.

Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli hiyo ya Kiukraini ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa, ikatia nanga Mombasa. Wakati ingali mikononi mwa maharamia, hati ya shehena ilionekana ina namba za mikataba zenye herufi GOSS. Wengine walizisoma kuwa ni Serikali ya Sudan Kusini, kwa kifupi chake cha Kiingereza. Serikali ya Kenya ikasema vifaru ni vya Kenya, na herufi hizo ni kifupi cha ndani cha wizara ya ulinzi kinachohusu ugavi wa zana. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja mwaka 2010 zilionyesha kuwa Wamarekani walijua shehena ilikuwa ya Sudan Kusini.

Dunia nzima ilijua ni T-72, na ni ngapi. Ubishi wote ulikuwa kwenye safu yetu ya pili: nani aliiandika hii, na akiwa na maana gani.

4 Aprili

Mistari 212 ya magari, 871 ya majina. Mpwa wangu amemaliza kisanduku cha kutafutia. Ukiandika 747 kinakuletea magari mawili na kukuonyesha herufi zao. Ukiandika M3 kinakuuliza: kifaru cha wastani, kifaru chepesi, nusu cheni, au gari la upelelezi? Tumekaa tukikiuliza maswali mpaka chai ikapoa.

11 Aprili

Mzee haisahau tarehe hii. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, naye alikuwa njiani na lori. Amekuja asubuhi. Nimemwamkia, akaketi, akasema, "Haya, mwanangu, nitafutie sabasaba."

Nimeandika sabasaba. Hakuna kilichokuja.

Akaeleza. Huko Uganda raia na askari wa Amin walikuwa wakisikia ngurumo ya mbali ya JWTZ, wanasema sabasaba inakuja. Yeye anasema kwa wenzake lilikuwa hasa lile gari la roketi, lori lenye mabomba nyuma. Kwa waliokuwa upande wa kupigwa, jina lilifunika kila silaha nzito iliyosikika kabla haijaonekana.

Lori la mabomba nililijua mara moja, lilikwisha kuwamo. Tumekaa naye mpaka adhuhuri tukiandika majina yake mstari kwa mstari, na nimempa kalamu aandike wa mwisho kwa mkono wake kwenye kaunta buku:

0188. Gari la kurusha roketi, mabomba 40, milimita 122.

BM-21. Limetolewa na jeshi la Kisovieti. BM ni "gari la mapigano". Linataja gari pamoja na mabomba.

9K51. Idara ya makombora na mizinga ya Kisovieti. Linataja mfumo mzima.

2B5. Idara hiyohiyo. Linataja gari la kurushia lililo juu ya chesisi ya Ural-375D.

Ural-375D. Kiwanda cha magari cha Ural. Linataja lori peke yake.

9M22. Idara hiyohiyo. Linataja roketi peke yake.

Grad. Jeshi la Kisovieti. Maana yake mvua ya mawe. Linataja mfumo mzima.

M1964. Wachambuzi wa Magharibi, kwa mwaka walioliona.

Katyusha. Magazeti. Jina la BM-13 za Vita vya Pili, limehamishiwa huku.

Sabasaba. Raia na askari wa Uganda, 1979. Linataja mlio.